Mkono wa Kambale

Wazee wenzangu, wakitaka kuwashauri vijana, huanza kwa kusema wanakumbuka siku moja. Mimi, Mwanangu, naanza na siku moja ambayo siikumbuki hata kidogo. Nilikuwepo. Mwili wangu ulikuwepo wote, toka utosi mpaka unyayo, na watu waliubeba kwa zamu juu ya vilima vya Vuhovi. Lakini mimi mwenyewe sikuwepo. Na yale niliyotendewa siku ile nisiyoijua yakaja kuniendesha kama ng'ombe anavyoendeshwa na mtu aliye nyuma yake. Ng'ombe haoni fimbo. Anahisi tu mgongoni, anakwenda.

Naandika nimesimama kwenye kaunta ya duka langu, hapa Butembo. Kukaa siwezi tangu ujana wangu, uliza yeyote hapa mtaani. Naandika mstari, nazunguka kuangalia mabati na misumari, narudi naandika mwingine. Kama mwandiko unapanda na kushuka, vumilia, hata barabara zetu ziko hivyo. Shule niliiacha darasa la tatu. Nilianza na baiskeli moja na magunia mawili ya samaki, na leo ukipanda juu ya kilima ukatazama mji, mabati mengi yanayong'aa yalipitia mikononi mwangu. Ujanani nilikuwa na msemo wangu, nikiurudia mbele ya watu hadi wakachoka: "Mimi hakuna aliyenibeba." Ushike msemo huo vizuri, Mwanangu, maana nitaurudia mwishoni, na utaona jinsi mtu anavyoweza kujisifu kwa uongo bila kujua ni uongo.

Mjukuu wangu Kavugho anasoma mambo ya akili za watu kwenye chuo. Juzi aliniambia kuna neno la Kifaransa, *inconscient*. Anasema mtu ana akili ya juu, hii inayohesabu na kujibu, na tena ana nyingine chini, inayoona na kuweka mambo bila yeye kuambiwa. Alidhani nitabisha, kwa kuwa nabisha kila kitu. Sikubisha. Nilimwambia, mtoto wangu, hiyo ya chini mimi naijua, karibu inifanye muuaji wa ndugu yangu.

Basi sikiliza.

Ilikuwa miaka ya vita, wakati ule kila kilima kilikuwa na wakubwa wake, na wakubwa wa asubuhi hawakuwa lazima wa jioni. Mimi nilikuwa kijana, nimeoa karibuni. Nilikuwa nashuka Kyavinyonge, ziwani, nanunua samaki wa kukaushwa, kisha nasukuma baiskeli kupanda mlima mpaka Butembo. Ndugu yangu Kambale, aliyenitangulia kuzaliwa, alibaki Vuhovi kwenye shamba la baba. Mimi ni Kasereka, wa tatu. Yeye wa pili. Wa kwanza wetu alikufa angali mtoto, kwa hiyo Kambale ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba, nami nilimwita Yaya, yaani kaka. Mtu wa maneno machache, mvutaji wa kiko, mikono kama makasia. Tulipendana kama ndugu wanavyopendana, yaani tulikuwa hatusemi.

Sasa haya yanayofuata niliambiwa. Mvua ilikuwa imenyesha, mimi nateremka na mzigo karibu na shamba letu, breki zikakataa. Breki hizo Kambale ndiye aliyezifunga wiki ile. Hilo nalo lishike. Nikaruka na baiskeli, kichwa kikakutana na jiwe. Nikazimia pale pale. Mwanamke mmoja aliyekuwa akilima karibu akapiga kelele, Kambale akaja mbio.

Gari halikuwepo. Nani angeleta gari njia ile siku zile? Kwa hiyo watu walikata miti miwili ya mikaratusi, wakafunga mkeka na blanketi katikati, wakatengeneza kipoyi. Wewe umezaliwa wakati wa pikipiki, kipoyi umekisikia tu. Ni machela yetu ya mabegani. Wanne wanabeba, wengine wanafuata kupokea zamu, na mwendo ni wa haraka, nusu mbio, maana mgonjwa hasubiri. Hivyo ndivyo wengi wa kwetu walivyofika hospitali, na wengine ndivyo walivyorudi wakiwa wamekwisha.

Kipoyi kina sheria zake. Aliyebebwa akipona, lazima awaite wote waliombeba, awapikie, awahudumie kwa mkono wake mwenyewe, awe mfalme awe maskini. Kwetu tulikiita chakula cha mabega. Wakisha kula, wanamsimulia njia. Kila mtu anasimulia kipande chake: hapa tulikupokeza, hapa uliomba maji, hapa tulisema umekufa. Yeye anakaa chini, hasemi kitu. Aliyebebwa hana neno mpaka afikishwe. Wakimaliza, anasema neno moja tu: "Nimefika." Basi, anaruhusiwa kunywa nao.

Mimi nilipopona sikufanya.

Niliona ni mambo ya wazee wasio na kazi. Vita iko, samaki wanaoza, baiskeli imepinda, mimi nikae chini nisikilize watu wakinisimulia jinsi nilivyolala? Nikanunua chumvi na sabuni, nikampelekea kila mmoja nyumbani kwake, nikasema asante, nikaondoka bila kukaa. Nilijiona mtu wa kisasa. Mzee Muhindo, aliyekuwa amebeba mbele, mtu wa mizaha, aliitazama sabuni yake akasema, "Kasereka, unatulipa kama dobi." Nikacheka. Ningejua nisingecheka.

Lakini nimeruka jambo. Nirudi hospitali.

Nililala pale siku kadhaa bila fahamu. Siku niliyofungua macho, nilimwona Kambale amesimama pembeni, mkono wake wa kuume umefungwa kitambaa kichafu. Akatabasamu, na Kambale kutabasamu ilikuwa kama mvua ya kiangazi. Akainama anivutie blanketi kifuani. Harufu ya ile tumbaku yake ikanifikia, na hapo hapo, Mwanangu, pumzi yangu ikakatika. Si maneno tu. Koo lilifunga, jasho likanitoka, nikampiga kifuani kwa miguu yote miwili. Muuguzi akaja mbio akamsukuma atoke nje.

"Yaya, mukono iko na nini?" nilimwuliza siku nyingine, yeye akiwa amesimama mbali, mlangoni.

"Panga," alisema.

"Panga gani inakata katikati ya kiganja?"

Alitazama sakafu, akavaa kofia, akaenda.

Tangu siku ile sikuwa na amani. Nikirudi Vuhovi, Kambale akiingia nyumbani, mimi natoka. Akikaa upande wa upepo, koo linanibana. Usingizini naamka nikipigana na mke wangu, yeye analia, mimi sijui nilikuwa napigana na nani. Mchana nazunguka, siwezi kukaa kwenye kiti hata kumaliza chai. Na mtu asiyejua sababu ya hofu yake, Mwanangu, ataitafuta tu. Hofu haipendi kukaa bila jina. Nikaanza kujumlisha. Breki nani alizifunga? Kambale. Shamba la baba, mimi nikifa, la nani? La Kambale. Mkono ule, kwa nini anauficha mfukoni? Nikasema huo ni mkono wa dawa, ameuchanja ili anipate. Kwa nini hanitazami machoni? Kila kitu kilikubaliana na kingine. Nikajiambia methali yetu, kikulacho ki nguoni mwako. Ona jinsi mtu anavyoweza kuchukua methali nzuri akaitia kwenye bunduki kama risasi.

Na zaidi ya yote nilikuwa na shahidi mmoja ambaye sikuweza kumkatalia: moyo wangu. Moyo, nilisema, haudanganyi. Unamkataa ndugu huyu kabla hata akili haijafikiri. Moyo unajua jambo.

Na ulikuwa unajua. Hapo ndipo palipo na hatari. Ulikuwa unajua kweli.

Chini ya kijiji kulikuwa na bariyeri, fimbo ya mwanzi juu ya barabara na askari wachache. Mkubwa wao alitoka mbali, upande wa magharibi, Kiswahili chake kilichanganyika na Lingala. Siku zile ilitosha mtu mmoja kusema: fulani anapelekea chakula watu wa msituni. Hawakuuliza mara mbili. Walikuja, wakachukua mtu, na mke wake akabaki akizunguka na kitambaa kichwani akiuliza kila ofisi.

Asubuhi moja, ukungu bado haujapanda, niliteremka bariyeri. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njiani, machache, safi. Ndugu yangu Kambale anapelekea mihogo watu wa msituni. Mkubwa yule alikuwa amekaa juu ya kreti ya bia, anakula ndizi ya kuchoma.

"Patron," akasema, "leo huna samaki?"

"Hapana, chef. Nimekuja na neno."

"Basi sema."

Nikafungua kinywa. Mwanangu, nakuapia, halikutoka kitu. Koo likafunga kama lilivyofunga hospitali. Nilihisi kiganja juu ya mdomo wangu, kizito, kinanuka tumbaku, na hapo hakuna aliyekuwa akivuta. Nikajaribu tena. Nikabaki natweta kama mbwa aliyekimbizwa.

"Ozali kobela?" akaniuliza. Unaumwa? Kisha akawageukia wenzake. "Huyu alianguka na kinga, baiskeli yake, kichwa haijarudi." Wakacheka. Akanipa kipande cha ndizi yake, nikakipokea, nikasema nilikuja kusalimia tu, nikapanda mlima.

Mimi sisemi ni muujiza. Padri mmoja niliyemsimulia alitaka kusema hivyo nikamkataza. Nasema kilichotokea.

Juu kidogo ya barabara shangazi yangu Masika alikuwa akivuna maharage. Dada wa baba yetu, mwanamke mfupi, mkali, hakuogopa askari wala askofu. Aliniona nikipita bila kusalimia.

"Unatoka wapi na sura kama ile?"

"Bariyeri."

"Balikuita, askari?"

"Hapana. Nilikwenda mwenyewe."

Akaweka kikapu chini. "Mutu anakwenda bariyeri mwenyewe? Ule njo ugonjwa gani?"

Nikamwambia yote. Niliyoyasema na niliyotaka kusema. Nikamwambia Yaya Kambale anataka kuniua, na karibu nimtangulie. Nilidhani atapiga yowe. Akaendelea kusafisha udongo kwenye vidole.

"Nani alikuambia anataka kukuua?"

"Moyo wangu."

"Moyo ilimuona wapi?"

Nikainama nimwinulie kikapu, akanizuia.

"Ulilisha mabega?"

"Niliwapa chumvi na sabuni, Shangazi. Kila mutu."

"Sikuuliza kama uliwalipa. Niliuliza kama uliwalisha."

"Kuko tofauti gani?"

"Chumvi inajua njia?" akasema. "Sabuni itakuonyesha kwenye ulipita?" Kisha akanisogelea, akanishika sikio kama mtoto, mimi mwenye mke, na mwenye baiskeli. "Sikiliza, Kasereka. Weye ulilala. Moyo yako ikabaki macho peke yake, sawa mutoto mudogo mwenye balisahau ndani ya nyumba siku ya bunduki na masasi. Anasikia mulango inavunjika, anasikia batu banakimbia, lakini anaelewa nini? Anashika woga tu. Na sasa ule mutoto, weye unamuvalisha kanzu ya jaji."

Maneno hayo yamekaa nami kuliko yote niliyosikia kanisani.

"Jumapili," akasema, "utapika. Na Kambale atakuwepo. Ukikataa, mimi mwenyewe nitakwenda ku bariyeri, nitabaambia weye njo unapeleka mihogo."

Alikuwa na uwezo wa kufanya hivyo. Nikapika.

Jumapili baada ya misa walikuja, mchana, jua liko wazi. Nilikuwa nimetengeneza ugali wa mihogo, maharage, samaki wangu wazuri wa Kyavinyonge, na mtungi wa kasikisi, pombe yetu ya ndizi. Nikawanawisha mikono mmoja mmoja. Hata hilo lilinichoma, sitaficha, mimi niliyesema hakuna aliyenibeba, sasa nina birika mkononi mbele ya mabega manane. Kambale alifika mwisho, akakaa karibu na mlango. Nilipomfikia na maji alinipa mkono wa kushoto tu. Koo likaanza. Nikamwaga maji nikasogea haraka.

Wakala. Kisha nikakaa chini kwenye mkeka, shangazi nyuma yangu kama polisi, nao wakaanza kunisimulia.

Muhindo alitangulia, kwa kuwa alibeba mbele. "Kwanza, batu bajue, huyu iko muzito. Mifupa tu, lakini muzito. Njo kiburi ile."

Wakacheka.

"Pili, alikuwa anaongea. Macho imefungwa, damu inatoka ku sikio, lakini anauza samaki. 'Hapana, mama, ongeza. Hapana, ongeza kidogo.' Njia yote. Mimi nikamuambia, Kasereka, chukua tu, mama amechoka."

Hata mimi nilicheka, ingawa sheria inakataza. Mke wangu alikuwa amejishika mbavu pale jikoni. Mwingine akapokea: hapa tulibadilisha mabega. Mwingine: hapa ukungu ulishuka, hatukuona mbele. Halafu wakafika mahali pa matete, chini ya barabara, karibu na mto mdogo. Aliyekuwa akisimulia akasita. Akamtazama Muhindo. Muhindo akatazama kikombe chake.

"Hii kipande haiko yangu," akasema.

Kuku aliingia, akala punje ya ugali, akatoka. Kambale akatoa mkono wa kuume mfukoni, akauweka juu ya goti, kiganja juu. Alisema akiutazama huo mkono, si mimi.

"Batu ya bunduki balikuwa banakuya ku barabara. Ya nani, hatukujua. Tukasema, bakiona kijana juu ya kipoyi, kichwa na damu, batasema huyu ni mupiganaji, balimupiga masasi ku vita. Batatumaliza sisi wote. Tukaingia ndani ya matete, tukalala. Mimi nililala juu yako. Pale weye ukaacha kuuza samaki, ukaanza kulia. Haikuwa kulia ya mutu. Sawa mbuzi. Nikakufunga kinywa na hii mukono. Ukaluma. Nikasema, alume tu. Bale batu balifika juu yetu, balisimama. Mumoja akakojoa, tulisikia mukojo inaanguka ku majani. Weye ulitaka tena kulia. Nikakaza. Nikafunga na pua."

Akaukunja ule mkono. Shangazi akasema polepole, "Sema, mutoto yangu."

"Kisha ukaacha kuluma. Meno ilijifungua yenyewe. Bale batu balipokwenda, nikatosha mukono ku kinywa yako. Hakukuwa pumzi. Nilijua nimekuua."

Aliyebebwa hana neno, lakini neno lilinitoka. "Na ukaendelea kunibeba?"

Ndipo akanitazama, mara ya kwanza tangu hospitali. "Sasa ningekuacha pale?"

Ikabidi Muhindo amalizie. Walikuwa wamebeba maiti, ndivyo walivyojua wote, na Kambale hakukubali kupokewa zamu tena. Kwenye mto Muhindo akateleza, kipoyi kikaingia majini. "Baridi ya ile maji," alisema, "ilikuamsha sawa mutoto ya kubatizwa. Ukakohoa. Kambale akakaa ndani ya mto, akalia mpaka tukamuvuta."

"Uliteleza ama ulikuwa umekunywa?" mtu mmoja akauliza.

"Niliteleza. Basi, kama nilikuwa nimekunywa, Mungu njo alijua sababu."

Watu wakacheka wakifuta macho. Mimi nikatambaa, nikatambaa kweli juu ya mkeka, nikauchukua ule mkono. Katikati ya kiganja na upande wa chini wa kidole gumba kulikuwa na alama, nusu duara mbili zinazotazamana. Moja ina pengo. Mimi nina pengo la jino la mbele tangu utoto. Tumbaku ikanijia puani, koo likafunga, jasho likatoka, vilevile kama siku zote. Ila sasa nilijua ni nini. Sikukimbia. Niliushika mpaka pumzi ikarudi yenyewe.

"Panga," nikasema.

"Ningesema nini?" akasema Kambale. "Ningekuambia nilikuua?"

Kumbe naye alikuwa halali. Mke wake alitueleza baadaye kwamba usingizini alikuwa akiinua ule mkono juu, kama mtu anayezuia usiguse kitu. Jembe lilikuwa likimponyoka shambani bila sababu. Mimi nilibeba mkono wake bila kujua, yeye akabeba meno yangu, tukiwa wawili tunakimbiana ndani ya boma moja.

"Sema sasa," shangazi akaniamuru.

"Nimefika," nikasema, lakini ndani ya koo.

"Sema basikie."

"Nimefika."

Ndipo wakanipa kikombe.

Usidhani iliishia hapo kama kwenye mahubiri. Koo halikufunguka siku moja. Hata leo, uzee huu, mtoto akinifunika uso na kitambaa kwa mchezo naruka, na kiti changu nakiangalia kwa mbali. Kilicho chini hakiondoki kwa kuwa umekijua. Lakini kilichojulikana hakikupeleki bariyeri.

Miaka ilipita, vita vikabadili majina, mimi nikafungua duka. Kambale akaanguka shambani kwake akiwa na nywele nyeupe, mshipa wa damu umepasuka kichwani. Wakamleta hospitali hapa Butembo, kwa gari safari hii. Hakufungua macho. Daktari, kijana mpole kutoka Beni, aliniambia bila kunificha, "Papa, hatujui anasikia nini. Labda kitu, labda hapana. Mumuongeleshe."

Wanawe walikuwa wamesimama miguuni pa kitanda, wameanza kusema habari za jeneza na nani atachimba. Nikawatoa nje. Kisha nikavuta kiti. Mimi, Mwanangu, nikakaa.

Nikauchukua mkono wake wa kuume, nikauweka juu ya mdomo wangu, kiganja kikaniziba kama zamani. Haukuwa na nguvu tena. Harufu ya tumbaku bado ilikuwepo kwenye ngozi, koo langu likafanya kazi yake, nikaliacha. Halafu nikamsimulia njia, nikisema ndani ya kiganja ili pumzi yangu aihisi hata kama masikio yamefungwa. Hapa ulianguka, Yaya, kwenye mistari ya maharage. Hapa mwanao alikuinua. Hapa gari lilikwama, watu wakasukuma. Hapa ni Butembo, hiki ni kitanda, huyu ni Kasereka, anapumua, ulimwacha hai. Nilirudia hilo la mwisho mara nyingi. Napumulia ndani ya mkono wako, hukuniua.

Alikufa alasiri ile, kabla ya mvua. Sijui kama alisikia. Vidole vilijikunja kidogo juu ya shavu langu, na daktari alisema mwili hufanya hivyo. Yawezekana. Nilipoona amekwenda, nilisema lile neno kwa niaba yake, kwa sauti, wanawe wakasikia mpaka nje: "Umefika."

Basi nasaha yangu, Mwanangu, nitaisema wazi ili usije ukasema mzee alizunguka. Mtu aliyezimia hakuondoka, amelala na dirisha wazi. Usiseme mbele yake usichoweza kusema akiwa macho, na usigawe mali yake kabla pumzi haijakatika. Ukimtendea jambo gumu ili kumwokoa, mwambie akiamka, hata kama ulimi unakuuma, maana mwili wake utalikumbuka jambo na hautakumbuka sababu. Na wewe, ukijisikia unamchukia mtu bila kujua kwa nini, usiutukane moyo wako, lakini usiupe panga pia. Ni shahidi wa kweli aliyeona gizani. Kawaulize waliokuwa macho. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kuteremka bariyeri peke yako asubuhi na maneno yaliyopangwa vizuri.

Na ule msemo wangu niliuacha pale kwenye mkeka. Nilibebwa. Hata wewe ulibebwa, na sehemu kubwa ya njia hiyo huikumbuki. Kawatafute wenye mabega hayo wakiwa bado hai, uwapikie, ukae chini, unyamaze.

Mungu wa babu zetu akupe watu wa kukubeba siku usiyokuwa na nguvu hata ya kusema asante, na akupe miaka ya kutosha kuwanawisha mikono. Akulinde na hofu isiyo na jina. Na njia yako ikiisha, asikose mtu wa kukaa karibu nawe, akakwambia kwa sauti kwamba umefika.